Shamimu na Maji Yaliyopanda Mlima

"Mwanamke wa kuninyamazisha mimi bado hajazaliwa," nilimwambia Abasi. "Na kama amezaliwa, hajafika Morogoro."

Nilikuwa nimesimama juu ya meza yangu ya mitumba, sidiria zinaning'inia kwenye mkono kama perege waliotungwa, sauti imenikauka kwa kunadi. Abasi alikuwa kwenye meza ya viatu, jirani yangu. Miaka ile viwanda vilikuwa vinauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kila aliyepunguzwa aligeuka mfanyabiashara. Morogoro nzima tulikuwa tunauziana. Ilibaki mbuzi tu kukata leseni.

"Kaka, niteremshie hiyo ovaroli ya bluu."

Niligeuka. Msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, ushungi mweupe umebanwa kwa pini chini ya kidevu.

"Dada, hiyo ya mafundi. Unamchukulia shemeji? Niambie upana wa mabega yake."

"Mabega ni haya hapa."

"Yako?"

"Unayaona mengine?"

Akaivaa palepale, juu ya sketi yake. Akachuchumaa, akasimama, akanyoosha mikono juu kama anayefikia kitu darini. Zipu ikakwama. Akatoa koleo dogo mkobani, akaibana meno mara mbili, ikateleza. Mimi na Abasi tukatazamana.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Nasoma. Uhandisi wa kilimo, mwaka wa mwisho, hapo chuoni."

"Uhandisi!" Nikawageukia wateja, maana hapo ndipo nilipozoea kuvuna vicheko. "Jamani, sikieni! Mtoto wa kike, uhandisi! Sasa trekta likizima utalibembeleza?"

Alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka akafika kwenye ule mkono wangu.

"Wewe ni mwanaume, unauza sidiria. Kuna mtu amekuuliza?"

Soko lilipasuka. Abasi alianguka juu ya viatu vyake. Mama mmoja aliyekuwa anachagua mashuka alikaa chini kabisa. Na mimi, Rehani, mtoto wa Kiluguru niliyemaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo tusilizungumze, nilifungua mdomo na hakutoka hata nzi.

"Sasa amezaliwa," Abasi alisema akifuta machozi. "Na amefika."

* * *

Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu nikachukua ovaroli nyingine, nikaenda chuoni. Kisingizio kilikuwa kwamba ile ya kwanza ina kasoro. Kasoro yenyewe ningeibuni njiani.

Nilielekezwa karakana. Nikasimama mlangoni.

Wavulana kama kumi walikuwa wamezunguka meza ya chuma, wametulia kama wako darasa la Kurani. Katikati yao mtu mwenye kinyago alikuwa anachomelea bomba. Cheche zilimwagika, zikagonga sakafu, zikaruka, zikafa. Mkono wake haukutetemeka. Alipomaliza akainua kinyago. Ni yeye, jasho limemchora mistari usoni.

Nimewaona warembo wengi, na wengine nimewauzia. Siku ile niliona kitu kingine, ndugu zangu, sikujua nikiite nini. Nilivua kofia tu.

"Muuza sidiria," alisema. "Umefuata nini?"

"Nimekuletea... ile ya kwanza ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Imevaliwa na wewe, sasa nyingine zote zinaonekana mbaya."

Sauti ya kike ikacheka kutoka nyuma ya mashine ya kukerezea. "Shamimu, huyo mpe kiti!" Ndipo nikajua jina lake. Aliyecheka alikuwa Yustina, rafiki yake. Darasa zima wasichana walikuwa hao wawili. Mwaka wa kwanza wavulana walibishana nani kati yao atakimbia mapema. Sasa wavulana haohao ndio waliokuwa wanagonga mlango wa bweni kuomba kueleweshwa hesabu.

"Hili bomba la nini?" niliuliza.

"Mradi wangu wa mwisho. Pampu ya kupandisha maji mlimani."

"Inatumia dizeli?"

"Hapana."

"Umeme?"

"Hapana. Inatumia maji yenyewe."

Nikacheka, nikishikilia mlango. "Dada Shamimu, mimi ni mtu wa milimani. Kwetu hata mbuzi akipanda anapumzika njiani. Maji yapande peke yake?"

Hakukasirika. Alichora kwa chaki sakafuni.

"Watu kumi wanateremka mlima mbio. Chini kuna mlango wazi. Wakifika, mlango unafungwa ghafla, paa! Itakuwaje?"

"Watagongana."

"Na mmoja atarushwa kwa nguvu ya wote, apite dirishani mpaka juu. Mlango unafunguka, wengine wanakuja, paa! Hivyohivyo, usiku na mchana. Huyo mmoja anayerushwa ndiye maji ya kunywa."

"Na hao tisa?"

"Wanarudi mtoni. Hawapotei."

Niliitazama ile chaki. Miaka yote mama yangu, Mwanaheri, ameshuka korongoni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, shingo yake imekuwa fupi kama imepigwa nyundo. Na jibu lilikuwa hapa sakafuni, lina urefu wa kiganja.

"Tatizo," Shamimu alisema, "sijapata mto wenye mteremko mkali na watu wanaokaa juu yake."

"Mto?" nikasema. "Kwetu, huko juu ya Bigwa, mto una mteremko mpaka samaki wanavunjika mbavu."

Kwa mara ya kwanza akacheka. Ningeweza kufa siku ile na nisidai kitu.

* * *

Tulipanda Jumamosi. Kwetu maji ni ya lukolo, ndiyo ukoo wa upande wa mama, na mgeni hachimbi wala hafungi bomba bila ruhusa. Nikampeleka moja kwa moja kwa Mjomba Kondo, ndugu wa mama, mzee wa maneno machache na ugoro mwingi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na huyu?"

"Shikamoo, mzee," Shamimu akaanza. "Mimi ni mwanafunzi wa..."

Nikaona uso wa mjomba unajifunga. Nikaogopa. Nikarukia.

"Ni mchumba wangu, mjomba! Si mgeni. Karibu ni mtu wa nyumbani, kwa hiyo maji ni kama yake."

Nilihisi macho ya Shamimu yakinichoma shavu la kushoto kuliko ule moto wa kuchomelea.

Mjomba alivuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua.

"Rehani, shule ilikusahaulisha mila? Mke wa mtoto wetu hana neno kwenye maji yetu. Wewe ukioa, wewe ndiye unayekwenda kwao. Hata huo mgomba wako nyuma ya nyumba nitampa dada yako."

"Lakini mjomba..."

"Huyu binti angekuja kama mgeni ningempeleka kwa wenye ardhi. Umemleta kama mke, umemfungia mlango." Akamgeukia Shamimu. "Mwanangu, ni kweli umechumbiwa na hili?"

"Hapana, mzee. Nami nimesikia sasa hivi."

"Vizuri. Basi bado u mgeni. Kawaone akina mama. Wao ndio wenye ardhi, mimi msemaji tu."

Njiani kwenda kwa mama Shamimu alitembea mbele. Simu yangu, ya kizamani, kubwa kama sabuni ya mche, ikalia mfukoni. Kati yetu zilikuwa hatua chache tu, lakini alinitumia ujumbe:

"UMENIOZESHA BILA KUNIULIZA, TENA BURE. USINIJIBU."

Sikujibu.

Mama na wenzake walikuwa wanapukuchua mahindi. Shamimu alikaa chini nao, akachukua gunzi, akapukuchua akiongea. Aliwachorea watu kumi wale wale kwa punje za mahindi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewahi kupandisha maji mlimani, mwanangu?"

"Kwetu ni kambi ya miwa, mama. Baba mkata miwa. Maji tulichota bombani."

"Basi kesho beba na sisi. Ujue kwanza unachotaka kukipandisha."

Alibeba. Mara ya kwanza ndoo ilimwagika yote mgongoni, wanawake wakapiga makofi. Mara ya pili alifika na nusu. Mara ya tatu alifika nayo imejaa, akaitua mlangoni kwa mama, akasema kwa pumzi za kukatika:

"Mama. Nipeni... huo mto."

"Chukua," mama alisema.

* * *

Kuanzia hapo nilikuwa kibarua. Masharti yalikuwa yake.

"Ukija, beba mawe. Ukileta maneno, teremka nayo."

Nikabeba. Saruji, mabomba, na mtungi mkuukuu wa zimamoto aliouokota kwenye vyuma chakavu vya kiwanda kilichofungwa. Jioni tulikaa kwenye jiwe kubwa ambako simu ilishika mtandao vizuri, yeye akinisimulia kambi ya miwa, jinsi baba yake alivyokuwa akirudi mweusi kwa masizi, na yeye mtoto akichungulia mitambo ya kiwanda cha sukari kupitia uzio, akitaka kujua ni nini kinazungusha nini.

"Wanaume huwa wananiuliza swali moja tu," alisema siku moja. "Si unasomea nini. Wanauliza, utaacha lini."

"Utaacha lini?" nilimuuliza.

"Rehani!"

"Kuchelewa chakula. Mama anaita tangu saa ile."

Alinipiga bega kwa lile koleo lake. Liliuma wiki nzima, nami sikutaka lipone.

Ikafika siku ya wakaguzi. Daktari Kasimiri, msimamizi wake, angepanda na walimu wenzake kuona kama maji yanafika. Yakifika, Shamimu amemaliza chuo. Yasipofika, anarudia mwaka. Kila mtu kitongojini alijua hivyo, hata kuku.

Kijito kilikuwa kimejaa watu. Juu kabisa, uani kwake, mama alisimama na ndoo tupu chini ya mdomo wa bomba. Shamimu alikanyaga valvu, ndio ule mlango wa kufunga na kufunguka, kwa kisigino, mara ya kwanza, ya pili, akaiachia.

Tak. Tak. Tak.

"Inapiga!" wakasema watu.

Tak. Tak... Ta...

Ikazima. Akaianzisha tena. Ikapiga kidogo, ikazima. Kutoka juu sauti ya mama ikashuka: "Bado!"

Daktari Kasimiri alitazama saa. Kimya kile sikukiweza. Mdomo wangu una maisha yake.

"Vumilieni jamani!" nikapaza sauti. "Maji yamekaa kwenye jiwe kupumzika! Mlima wenyewe huu hata mbuzi..."

Watu wakaangua kicheko. Hata mwalimu mmoja. Shamimu aliinua uso. Alinitazama mara moja tu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Naomba ukimya," alisema.

Akapiga magoti majini, akalaza sikio juu ya mtungi kama daktari wa watoto. Akaugonga kwa kidole, chini, katikati, juu.

"Hauna hewa ya kuyasukuma maji juu. Umejaa maji mpaka kooni." Akapapasa ubavuni mwa bomba. "Hapa niliacha tundu dogo la kupumulia. Limezibwa." Akakwangua kwa ukucha, akatazama. "Rangi. Nani amepaka rangi nyekundu?"

Watu wote waligeuka. Nilificha mikono nyuma, lakini vidole vyangu vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha. Jana yake jioni, kwa mapenzi yangu yote, niliipaka pampu ile ipendeze kwa wageni.

"Nilitaka ing'ae," nilisema.

Alivuta ile pini chini ya kidevu chake, ushungi ukamlegea mabegani, akaichomeka tunduni, akaizungusha taratibu. Akafungua mtungi, maji yakamwagika, hewa ikaingia. Akafunga. Akakanyaga valvu.

Tak. Tak. Tak. Tak.

Safari hii ilikuwa na kifua. Kila pigo unalisikia kwenye nyayo. Ilikuwa kama mlima umekumbuka una moyo. Tulitazama bomba jeusi lililolala kwenye majani, likipanda, likipotea migombani, nasi tumeinua shingo kana kwamba tungeyaona maji yakipita ndani.

Juu, bomba likakohoa. Likakohoa tena. Kisha tukasikia ndoo inapigwa na maji.

Tulingoja vigelegele vya mama. Havikuja. Nikapanda mbio nikidhani ameanguka. Nilimkuta amekaa chini kando ya ndoo, mikono imelala mapajani viganja juu, anayatazama maji yakijaa, yakifurika, yakimlowesha kanga.

"Mama?"

"Sina la kufanya," alisema kwa mshangao. "Rehani, maji yamekuja na mimi nimekaa."

Nikakaa naye. Sikuwa na utani hata wa kukopa.

Niliporudi chini Shamimu alikuwa ameshateremka na walimu wake. Simu ikalia.

"NIMEFAULU. ASANTE KWA MAWE. UTANI NINGEUSAMEHE, LAKINI UMEPAKA RANGI BILA KUNIULIZA, NA HII NI MARA YA PILI. USINIFUATE."

* * *

Sikumfuata. Nilinadi mitumba kwa sauti ya msibani mpaka Abasi akaniambia nawafukuzia wateja.

Siku moja Yustina akaja mezani kwangu, mikono imejaa grisi.

"Wewe muuza sidiria, umekufa?"

"Karibu."

"Shamimu amepata kazi Kilosa, skimu ya umwagiliaji. Anaondoka Ijumaa."

"Mwambie hongera."

"Na baba yake amemletea mchumba, nyapara wa miwa. Ameshamwambia mke wake hashiki spana. Aache kazi, arudi kambini. Baba anataka jibu kabla binti hajapanda treni."

"Shamimu anasemaje?"

"Analia akidhani sioni. Anasema afadhali akae peke yake na spana zake. Lakini nilimuuliza kuhusu wewe, akatupa nyundo. Mwanamke asiyekutaka hatupi nyundo, Rehani."

Nikamwachia Abasi meza. Nikaenda chuoni, nikaingia karakana, kifua mbele. Nilimkuta Shamimu peke yake. Nikamwambia kwa sauti nzito: "Kwetu mume ndiye anayemfuata mke. Panda treni, nami nakuja." Akalia, akanishika mkono, akasema alikuwa ananisubiri siku zote. Mimi nikatabasamu kidogo tu, maana mwanaume hapaparikii mambo. Ndivyo ilivyokuwa. Tusiongeze chumvi.

Mjomba Kondo ndiye aliyekwenda kuposa, kama ilivyo kwetu. Baba yake Shamimu, mzee wa Kiha kutoka Kigoma, alimsikiliza macho yamemtoka.

"Yaani kijana wenu ndiye anahamia kwa mwanangu? Mwanaume?"

"Sisi tunatoa vijana, hatupokei mabinti," mjomba akamjibu. "Mchukueni tu. Ana maneno mengi, lakini amebeba mawe."

"Na binti akishinda kazini, huyu atakula nini?"

"Asipopikiwa atapika. Mama yake alimfundisha, sasa hivi ana nafasi ya kumfundisha zaidi. Maji yako mlangoni."

Mzee yule akamwita binti yake.

"Shamimu. Ukiwa na huyu, hiyo kazi utaacha lini?"

"Siachi, baba."

Mzee akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Na sijaja kuuliza."

Akacheka mpaka akakohoa masizi ya miaka yote. Nyapara akatumiwa salamu za heri.

* * *

Harusi ilifanyika kwa mama, uani. Wali ulipikwa kwa maji yaliyopanda yenyewe. Wageni walipokula wakashiba, Abasi, aliyejipa ushereheshaji bila kuombwa, akanipa kipaza sauti.

"Bwana harusi, wageni wanataka kujua. Ulimpataje fundi wetu?"

Nikakohoa. Nikanyoosha kanzu.

"Jamani, mwanaume ni maneno machache. Niliingia karakana, kifua mbele. Nikamwambia, panda treni, nakuja. Akalia. Mimi nikatabasamu kidogo tu."

"Muongo!"

Watu wakageuka. Yustina alikuwa amesimama kati ya mikeka, gauni la zambarau, sahani ya pilau mkononi.

"Siku ile mimi nilikuwa chini ya trekta, mle mle karakana, nafungua nati. Nimeona viatu vyake vikiingia. Vilisimama mlangoni, vikatoka. Vikaingia, vikatoka tena!"

"Yustina, kaa ule," nilisema.

"Simama hapohapo useme!" mama yangu akamwambia. Mama yangu mzazi!

"Alipofika mbele ya Shamimu alitetemeka kama hiyo valvu. Kulia alilia yeye, akajifuta kwa tambara la oili, uso ukawa mweusi mpaka kwenye masikio. Shamimu akamuuliza, 'Umefuata nini?' Akajibu, 'Nimekuja kukuuliza. Safari hii nimekuja kukuuliza.' Ndiyo akasema hayo ya mume kumfuata mke, kwa kunong'ona, nusu nikayakosa."

Shamimu alikuwa ameinamia mapaja, mabega yanacheza kwa kicheko.

"Na hamjasikia neno lake la kwanza," Yustina akaendelea, akiinua kijiko. "Kabla ya hayo yote. Msichana wa rika lake, jamani, pengine amemzidi yeye umri! Alisimama mbele yake, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema..."

"Yustina, nakuomba!"

"Akasema, 'Shikamoo!'"

Uani hapakukalika. Mjomba Kondo alimwaga ugoro. Baba mkwe alishika mkongojo wa mwenzake akidhani ni wake. Nikamgeukia mke wangu, nikitafuta pa kujificha.

"Shamimu, waambie basi. Waambie si kweli."

Akafuta machozi kwa ncha ya ushungi, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Ni kweli," alisema. "Na mimi niliitikia, 'Marahaba.'"